Anayelipa ni mmiliki wa tatu

Ndani ya simu janja kuna vitu viwili vinavyochakaa kwa kutumiwa tu, hata kama hujawahi kuiangusha wala kuimwagia chai. Cha kwanza ni betri. Cha pili ni chipu inayohifadhi picha, programu na meseji. Kioo hakiishi kwa kuguswa, na prosesa inaweza kupiga kazi miaka kumi na zaidi bila kuchoka. Lakini betri, kila ikijazwa na kutumika, hupoteza chembe ya uwezo wake, na chipu ya hifadhi, kila ikiandikwa na kufutwa, seli zake huliwa kidogo kidogo. Nenda dukani leo utakuta hivyo viwili ndivyo vilivyofungiwa ndani: betri imegandishwa kwa gundi, chipu imelehemiwa kwenye bodi, na tundu la memori kadi ama limeondolewa ama linasubiri zamu yake.

Wanaolalamikia jambo hili kwa kawaida humtetea mnunuzi wa kwanza, yule aliyetoa fedha nyingi halafu akakosa pa kuchomeka kadi. Huyo simhurumii sana. Simu mpya ya bei ya kati inakuja na GB 128 na betri ya mAh 5,000, na kwa miaka miwili ya mwanzo hataona kwamba amenyimwa kitu. Kwetu simu haiishii kwake. Inakwenda kwa mdogo wake anayeanza chuo, kisha kwa mama kijijini ili apokee pesa na kuwaona wajukuu WhatsApp, au inauzwa Kariakoo na kuanza ukoo mwingine. Nyingine zimeshamaliza maisha kamili Ulaya au Marekani, zikapita kwa wafanyabiashara wa Dubai, ndipo zikatua hapa zikiwa mtumba. Simu ilisanifiwa kwa ajili ya mtu wa kwanza. Gharama ya usanifu huo analetewa wa tatu, ambaye hakuwahi kuulizwa.

Mambo haya yalianza Januari 2007, Apple ilipoonyesha iPhone ya kwanza. Betri ililehemiwa kwenye bodi, tundu la kadi halikuwepo, na mnunuzi alichagua GB 4 au GB 8 dukani akaishi na uamuzi wake. Wakati ule ilionekana ni ukaidi wa kampuni moja. G1 ya HTC, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, mwaka 2008, ilikuwa na mfuniko unaofunguka, betri inayotoka na kadi ya microSD, na kwa miaka kadhaa watengenezaji wa Android walijinadi kwa hayo hayo.

Aliyegeuka kwa namna ya kushangaza zaidi ni Samsung. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo wa plastiki uliobanduka kwa kucha. Ndani kulikuwa na betri ya mAh 2,800 na tundu la microSD, na mfuniko ule ulizungushiwa mpira mwembamba wa kuzuia maji, ikapewa kiwango cha IP67, yaani kuzama mita moja kwa nusu saa. Mwaka huohuo kampuni ilirusha tangazo la kuwacheka wenye iPhone waliojibanza kwenye kuta za viwanja vya ndege wakigombea soketi. Mwaka uliofuata ikaja S6: mgongo wa kioo, betri haitoki, kadi hakuna. Tuliambiwa kufungia betri ndani kunaacha nafasi ya betri kubwa. Ya S6 ilishuka hadi mAh 2,550. Tuliambiwa kunazuia maji. S6 ya kawaida haikuwa na kinga ya maji kabisa. Kilichopatikana ni wembamba, kutoka milimita 8.1 hadi 6.8, na uzuri mkononi ambao sina ubishi nao. S7 ilirudisha kadi na kinga ya maji mwaka 2016. Betri haikurudi. Januari 2021 S21 ikaiondoa kadi pia.

Sisemi sababu za watengenezaji ni uongo mtupu. Betri ya kutoka inahitaji ganda lake gumu ili isitobolewe na funguo mfukoni, inahitaji vigusio vya chuma, ukuta wa kuitenga na bodi, na mfuniko wenye meno. Vyote hivyo vinakula nafasi. Betri laini iliyogandishwa inaweza kukatwa umbo lolote. Ile ya iPhone X ya mwaka 2017 ilikuwa na umbo la herufi L ili ijaze pembe zilizobaki. Na tusijifanye tumesahau simu za zamani zilivyokuwa zikianguka: mfuniko huku, betri kule, simu yenyewe chini ya kiti cha daladala.

Hata hivyo Samsung hiyohiyo inauza Galaxy XCover7, ya mwaka 2024, yenye kiwango cha IP68, betri inayotolewa kwa mkono na tundu la microSD. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wa maghala, viwanda na ujenzi. Ni nene kidogo, haing'ai, na haitangazwi na wanamuziki. Fizikia haikukataa, basi. Soko la kifahari ndilo lililokataa. Ukiangalia upande wa chini kabisa wa bei utakuta jambo kama hilo: kiswaswadu cha kawaida bado kina betri ya kutoka na tundu la kadi, na simu janja za bei nafuu kama Nokia C12 ya mwaka 2023 zilikuja na vyote viwili. Waliofungiwa ni wa katikati na wa juu, na simu za katikati ndizo zinazorithiwa.

Kuna matukio mawili ambayo kwangu yanaeleza gharama ya gundi kuliko maelezo yoyote ya kihandisi. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. BL-5C hakuna asiyeijua: ndiyo betri ya Nokia 1100 na ndugu zake, na baadaye ikaja kuendesha hadi redio ndogo za sokoni. Matukio yaliyoripotiwa duniani yalikuwa takribani 100. Dawa yake ilikuwa kufungua mfuniko, kusoma namba iliyo kwenye betri, na ikiwa ni miongoni mwa zile mbovu, kupewa nyingine. Simu ilibaki kwa mwenyewe.

Miaka tisa baadaye, Agosti 2016, Samsung ilizindua Galaxy Note 7, na ndani ya wiki chache baadhi zikaanza kushika moto. Betri ilikuwa imegandishwa, hivyo hakukuwa na cha kubadilisha ila simu nzima. Septemba 2 kampuni ikaomba zirudishwe takribani milioni 2.5, ikagawa nyingine zenye betri za mtengenezaji tofauti, nazo zikaungua, na Oktoba ikaacha kuitengeneza. Serikali ya Marekani ikaipiga marufuku ndani ya ndege. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulieleza kwamba betri za mtengenezaji wa kwanza zilibanwa kwenye kona, na za wa pili zilikuwa na kasoro za uchomeleaji. Kamera, kioo, kalamu, bodi, vyote havikuwa na hatia, na vyote vikaenda na betri.

Enzi za betri za kutoka hazikuwa pepo. Betri feki zilijaa kila kona hadi Nokia ikalazimika kuweka hologramu na namba 20 za kukwangua ili mteja ahakikishe alichonunua. Ila kuna jambo moja tulilokuwa nalo ambalo sasa halipo, na nadra kulisikia likitajwa kwenye mijadala ya Ulaya. Pale ambapo nyumba hazina umeme, mtu aliweza kuipeleka betri peke yake kwa mwenye sola au jenereta, ikabanwa kwenye chaja ya kobe, ile yenye meno mawili ya kugusia, naye akaondoka na simu yake ikiwa na betri ya pili. Leo anaacha simu nzima, yenye laini, meseji na akaunti yake ya pesa, mezani kwa mtu baki, na kurudi jioni. Badala yake tumepata pawabenki, ambayo kwa kweli ni betri ya ziada inayobebwa nje ya simu. Tena kwa hasara: volti 3.7 za ndani yake hupandishwa hadi 5, kisha simu huzishusha tena, na katika safari hiyo umeme mwingine hugeuka joto. Ndiyo maana pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 kwa herufi kubwa, ukisoma maandishi madogo ya mgongoni, mara nyingi utaona inakiri kutoa kama 6,000.

Sasa njoo mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue, Nairobi, uone kubadilisha betri kulivyo siku hizi. Zamani hii haikuwa kazi ya fundi. Mtu aliilaza betri mezani akaizungusha kwa kidole. Ikizunguka badala ya kutulia, imevimba, ananunua nyingine. Leo fundi anailaza simu kwenye sahani ya moto ya nyuzi 70 au 80 hivi mpaka gundi ya mgongo ilegee. Anabandika kivuta cha mpira, anavuta taratibu hadi upatikane upenyo, anapenyeza kikadi chembamba cha plastiki na kuzunguka nacho pembe hadi pembe. Akikisukuma ndani mno upande wa kitufe cha kuwashia, amekata utepe wake. Mgongo ukiwa wa kioo na ulishapata ufa, unamkatikia mkononi. Kisha skrubu, kisha vifuniko vya chuma, kisha betri yenyewe, ambayo chini yake kuna gundi nyingine.

Hapo ndipo fundi mzuri na mbaya wanapoachana njia. Mzuri anadondosha spiriti pembeni, anasubiri, anaichomoa bila kuipinda. Mwenye haraka anachomeka bisibisi na kuibetua. Betri ya lithiamu ni tabaka ndefu za shaba na alumini zilizokunjwa pamoja, zikatenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Ikikunjwa au kutobolewa, pande mbili hugusana, na moshi huanza kabla mtu hajasema lolote. Akimaliza salama anaurudisha mgongo kwa gundi ya B-7000, anaubana kwa vibanio, na kukwambia usiiguse kwa saa kadhaa. Ile IP68 iliyoandikwa kwenye boksi inabaki kwenye boksi.

Kazi hiyo ina bei, na bei hiyo haishuki simu inapozeeka. Hapo ndipo hesabu ya mmiliki wa tatu inapomharibikia. Thamani ya simu inaanguka kila mwaka, lakini sahani ya moto, muda wa fundi, hatari ya kuvunja mgongo na betri yenyewe vinagharimu vilevile. Simu ikiwa mpya, kubadilisha betri ni sehemu ndogo ya bei yake. Ikifika mwaka wa tano inaweza kuwa theluthi au nusu, na mtu mwenye akili timamu anaiweka kwenye droo. Simu haijafa. Imekuwa ghali kuifungua, basi.

Na kwetu betri huchoka mapema. Lithiamu haipendi joto, hasa ikiwa imejaa. Apple yenyewe inashauri simu zake zitumike pasipozidi nyuzi 35, kiwango ambacho Februari ya Dar es Salaam inakikaribia bila msaada wa mtu. Ongeza jua la saa saba kwenye simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda, ramani imewaka, data imewashwa na chaji inaingia, halafu usiku ilazwe chini ya mto ikiwa bado kwenye waya. Simu iliyotumika miaka mitatu Stockholm na iliyotumika miaka mitatu Mbagala si umri mmoja.

Ubaya ni kwamba betri iliyochoka haijitambulishi. Upinzani wake wa ndani unapanda, na prosesa ikidai umeme mwingi kwa ghafla, volti inaporomoka na simu inazima ikiwa na asilimia 30. Mwenyewe anasema simu imezeeka. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizime ghafla, bila kuwaeleza wenye simu. Ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 Februari 2020, na mwezi uliofuata ikajulikana kwamba ingelipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja Marekani. Faini hainishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni wale waliobadilisha betri mwaka huo wakashangaa simu zao zimepata kasi upya, na wale waliokwisha kununua simu nyingine kwa ugonjwa uliotibika kwa dola 29.

Wafanyabiashara wa mtumba walijifunza haraka. Mteja siku hizi akishika iPhone kitu cha kwanza anachofungua ni asilimia ya afya ya betri, na kuna vifaa vidogo vya kuandika upya namba hiyo kwenye chipu ya betri ili isome 100. Seli ya bei rahisi huunganishwa na ubao mdogo wa betri ya asili, namba ikarekebishwa, na simu ikaonyesha afya ya mtoto mchanga. Betri ingekuwa inatoka, mteja angeishika, akaizungusha mezani, akajua.

Betri zinazotolewa huishia wapi, hilo ni suala la safu nyingine, ila sentensi mbili. Takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kwa sehemu kubwa kwenye migodi ya Kolwezi na jirani zake, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi, na kobalti hiyo ni sehemu ya moyo wa betri nyingi za simu. Kuirejesha kwa matumizi mengine kunaanza na kuichomoa betri kwenye simu, kazi ileile ya sahani ya moto na kikadi cha plastiki, safari hii bila mteja wa kuilipia.

Kuhusu memori kadi nina msimamo tofauti, na najua utawaudhi baadhi ya wasomaji. Kadi haikuwa nzuri kama tunavyoikumbuka. Kadi nyingi tulizochomeka ni za aina ambayo kasi yake ya juu kabisa, kwa makaratasi, ni MB 104 kwa sekunde, wakati chipu za ndani za simu nzuri zilishavuka MB 2,000. Ukiweka programu kwenye kadi, simu nzima inatembea kwa mwendo wa kadi. Android ilijaribu mwaka 2015, toleo la 6, kuifunga ndoa kadi na simu ili vionekane hifadhi moja. Ukiichomoa kadi, programu zinatoweka nayo. Tena chochote kilichowekwa kwenye kadi ya kawaida kinasomeka na yeyote atakayeiokota. Na WhatsApp, ambayo kwa wengi wetu ndiyo inayojaza simu kwa video za harusi, matangazo ya misiba na heri za Jumatatu, huhifadhi vitu vyake kwenye hifadhi ya ndani hata kadi ikiwa tupu pembeni yake.

Halafu kuna kadi feki, janga ambalo limepoteza picha nyingi kuliko maji. Mtu anauziwa kadi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake kuna chipu ya GB 8, na programu ya kadi imebadilishwa ili ikiulizwa ukubwa ijibu 512. Simu inaamini. GB 8 za kwanza zinakaa sawasawa. Baada ya hapo kadi inarudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyokuwepo, au inapokea data na kuitupa, huku orodha ya mafaili ikiendelea kuonyesha majina na tarehe kamili. Siku ya kufungua picha za mtoto alipozaliwa unakuta miraba ya kijivu. Kipimo ni kimoja tu: ijaze kadi yote kisha isome tena yote, kama inavyofanya programu ya H2testw kwenye kompyuta za Windows. Fanya hivyo siku uliyoinunua, kabla risiti haijapotea.

Pamoja na hayo kadi ilifanya kazi moja ambayo hakuna kingine kinachoifanya bila bando: ilitenganisha picha zako na ajali za simu. Simu ikizama chooni au bodi ikiungua, kadi unaichomoa na kuihamishia kwenye nyingine. Chipu ya ndani haiko hivyo. Kariakoo wapo mafundi hodari wa kuinyanyua kwa hewa ya moto na kuilehemu kwingine, lakini kwenye simu za kisasa data imesimbwa kwa ufunguo uliofungwa na prosesa ya simu ileile, kwa hiyo wanachokisoma ni mchanganyiko wa herufi usio na maana. Usalama huo ni mzuri dhidi ya mwizi. Kwa aliyepoteza picha za marehemu baba yake hauna faraja.

Tuliambiwa hifadhi ya mtandaoni itaziba pengo. Juni 1, 2021, miezi michache tu baada ya S21 kutoka bila tundu la kadi, Google Photos ilisitisha upakiaji wa bure usio na kikomo, na kila kitu kikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 za bure. Juu ya hapo unalipa kila mwezi, na kabla ya kulipa hapo umeshalipa bando la kuzipandisha. Kwa upande wa vifaa, Apple kwa miaka kadhaa ilitoza dola 100 kutoka GB 128 hadi 256 kwenye iPhone, wakati kadi halali ya ukubwa huo inauzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Sina haja ya kutafuta sababu nyingine ya kifo cha tundu lile. Lilikuwa mshindani wa bei, na mshindani huyo aliishi ndani ya simu yenyewe.

Waliotuelewa zaidi ni Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel. Zipo simu zenye tundu la mseto linalokulazimisha uchague: laini mbili, au laini moja na kadi. Kwa mtu mwenye laini ya kupokelea pesa na nyingine ya bando, huo si uchaguzi. Nyingi za Transsion zimekuja na nafasi tatu, laini mbili na kadi, bila kumlazimisha mtu kuacha kimoja. Betri wamezifunga kama wengine, lakini nafasi hiyo ya tatu inamfaa mmiliki wa tatu kuliko anavyojua. Simu ya GB 32 iliyojaa mfumo, masasisho na WhatsApp inakosa vyumba vitupu vya kuandikia. Chipu inalazimika kuhamisha na kufuta ili ipate nafasi, inaandika zaidi kuliko ulichoagiza, inakuwa nzito na inachakaa haraka. Seli za kisasa huvumilia kuandikwa na kufutwa mara elfu moja hadi tatu hivi. Kuielekeza kamera ihifadhi picha kwenye kadi kunaipunguzia chipu hiyo mzigo.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kupigania, nachagua betri bila kusita. Simu isiyo na kadi inaishi kwa kubana matumizi. Simu isiyo na betri haiwaki. Hata watunga sheria wa Ulaya wameona hivyo, maana kanuni zao mpya hazidai tundu la kadi lakini zinazungumza sana kuhusu betri. Tangu Juni 20, 2025, simu inayoingizwa sokoni Umoja wa Ulaya inapaswa kuwa na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kujazwa na kutumika mara 800, na vipuri vipatikane miaka 7 baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Februari 18, 2027 inaanza kanuni nyingine, ya mwaka 2023, inayotaka betri za vifaa vidogo zitolewe na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa vifaa vya kawaida.

Kuna mwanya. Kwa simu, betri ikibaki na asilimia 83 baada ya mizunguko 500 na asilimia 80 baada ya 1,000, na simu ikawa haipitishi vumbi na inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa, mtengenezaji anaweza kuacha kazi ya kuibadilisha kwa mafundi tu. Makampuni makubwa yataupita mwanya huo kwa raha. Apple inasema betri za iPhone 15 zimesanifiwa kufikia mizunguko hiyo 1,000. Hata hivyo kitu kinasogea. iPhone 16 ya mwaka 2024 ilikuja na gundi inayoachia betri ikipitishiwa umeme mdogo, hata wa betri ya volti 9 ya dukani. Siamini kwamba hilo lilitokea kwa sadfa mwaka mmoja baada ya kanuni kupitishwa.

Simu hizo zitatufikia zikiwa mtumba, kuelekea mwaka 2030, na mafundi wetu watafaidika bila sisi kuwa tumeomba. Mpya nyingi zinazouzwa hapa, lakini, zimetengenezwa kwa ajili ya Afrika na Asia, na sheria ya Brussels haiwafuati watu madukani Mwanza. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilionyesha Juni 2016, ilipozima simu feki kwa namba zake za IMEI, kwamba mamlaka ikitaka inaweza. Kumuuliza mwagizaji wa simu mpya ataziuza wapi betri zake kwa miaka mitano ijayo ni kazi nyepesi kuliko ile. Kenya ina nafasi nzuri zaidi: kiwanda cha Athi River kilichofunguliwa Oktoba 2023 kinaunganisha simu palepale, na anayeifunga simu kwa mikono yake anajua inavyofunguliwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayekwenda dukani wiki hii amuulize muuzaji maswali mawili kabla ya kuuliza kuhusu kamera: betri ya simu hii inauzwa shilingi ngapi, na nani anaibadilisha? Kama hata dukani, simu ikiwa mpya, hakuna mwenye jibu, punguza hapo hapo bei unayodhani utaiuzia miaka mitatu ijayo, kwa sababu atakayeinunua atauliza swali hilohilo, na ataanzia hapo kukukatia bei.